Mama Severina Hakula Mayai

Tarehe 30 Juni, Mama Severina Mgaya anakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika kampuni yetu ya kukoboa mpunga, Nuru ya Usangu. Wakubwa wengi humu ndani hawajawahi kufika popote bila yeye.

Alianza kama mshona magunia kinuni Ubaruku. Siku moja dereva wa lori alizidiwa na ulanzi, ile pombe ya mianzi, Severina akapanda, akawasha, akaondoka. Uongozi uliitisha kikao cha dharura kujadili kama mwanamke anaweza kuendesha lori. Kikao kilipofungwa, mchele ulikuwa umeshashushwa Mbeya.

Baadaye akakabidhiwa Shangazi. Hilo ni gari jeupe la mwaka 1972 lililoachwa na mwasisi wa kampuni, ambalo bodi haitaki kuliuza wala kulitengeneza. Hutolewa bandani kwa vikao vya Iringa na wageni wa heshima, na usukani wake hakuushika mtu mwingine.

Miaka mitatu iliyopita Shangazi akaanza kunuka yai viza. Harufu ilikuja gari linapochanganya mwendo, hasa kuanzia Makambako, ambako baridi huwalazimisha watu kufunga vioo. Siku iliponuka mara ya kwanza, ndani walikuwemo Meneja wetu, Bwana Liberatus; Mhasibu, Bwana Othmani; na Mama Violet wa bodi. Watu wazima hao walisafiri kimya mpaka Iringa, kila mmoja akitazama misitu ya Mafinga na kumshuku jirani yake kimoyomoyo. Nani angethubutu kuuliza? Wakati wa kurudi Mama Violet aliomba kukaa mbele, na Bwana Othmani hakumsemesha Meneja wiki nzima.

Safari iliyofuata Bwana Othmani, ambaye kwao ni pwani na manukato anayajua, alikuja na chetezo akitaka kulifukiza gari udi. Severina alimfukuza na chetezo chake, akisema ndani ya gari lake moto hauwashwi, awe mhasibu awe nani. Hakujua kwamba aliiokoa nusu ya uongozi, maana hewa ile, kumbe, ingeweza kulipuka.

Hatimaye Meneja akampata mchawi. Waliposimama Makambako, Severina alinunua mayai manne ya kuchemsha dirishani, na Meneja mwenyewe akala matatu kwa kachumbari na pilipili. Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, Meneja akasimama hapa kantini mbele yetu sote, akatangaza kwamba ni marufuku dereva kula mayai kwenye gari la kampuni, tena wengine tunawajua. Vichwa vyote vikamgeukia Severina.

Jamani, jina baya halina breki. Kabla ya jua kuzama Ubaruku nzima ilikuwa inamwita Mama Mayai. Kwenye kwaya Rujewa wenzake wakaanza kumwachia nafasi kubwa kwenye benchi. Na binti yake Esther alipochumbiwa, wakwe kutoka Mbalizi wakamtuma mshenga aulize kama huyo mama wa bibi harusi ndiye yule wa harufu. Mwanamke huyu hakulia hata breki zilipokatika mteremko wa Iwambi. Siku ile ya mshenga alilia, na tulimwona.

Naye si malaika. Kwanza alimshuku panya, akang'oa viti vyote vya Shangazi. Halafu akamshuku Mama Violet, na hilo alilisema mpaka sokoni. Wakati huohuo taa za mbele zilikuwa zinawaka kuliko zilivyowahi kuwaka, yeye akitamba kwamba Shangazi karudia usichana. Zikaungua. Akafunga nyingine, nazo zikaungua. Maji ya betri yalikauka kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Uongozi ukaunda Kamati ya Betri, ikanunua betri mpya, ikajipongeza, kisha ikanunua nyingine.

Mwisho alilipeleka Mbalizi kwa Anwari, fundi umeme wa magari mwenye majigambo mengi kuliko vifaa. Alitaka taa tu. Anwari akafungua boneti, akanusa, akacheka mpaka akakaa chini juu ya tairi. Kisha akapima. Injini ikiwa imezimwa, betri haikuwa na neno. Ilipowashwa na kukanyagiwa mafuta, mshale wa kipimo ulitakiwa uishie volti kumi na nne na kidogo; ukapanda mpaka kumi na saba. Akasugua kwanza waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye chuma cha gari, maana ulishika kutu, akapima tena, mshale ukarudi palepale. Ndipo akabadilisha katauti, kile kidude kinachoizuia altaneta, mashine inayochaji betri, isizidishe chaji. Mshale ukashuka, ukatulia. Kumbe altaneta ilikuwa inaichemsha betri, na betri ikichemka hunuka yai viza, na hewa yake hushika moto. Panya hakuwa na kosa, wala Mama Violet.

Severina aliiweka katauti mbovu mezani kwa Meneja. Meneja akashukuru, akasema suala litafika kikaoni. Likafika kweli! Taarifa ya mwaka ikasomwa kwamba harufu katika gari la kampuni imekoma kabisa kutokana na katazo la mayai, lililosimamiwa vyema na Meneja. Wajumbe wakapiga makofi. Sisi tuliokaa nyuma tukatazamana.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mama huyu hajamgonga mtu wala ng'ombe, na kwa barabara za Usangu ng'ombe ni wengi kuliko watu. Amewafundisha kazi madereva wetu wote, kwa matusi kiasi. Alipoulizwa anataka zawadi gani ya kuagwa, aliomba jambo moja: Meneja asimame kantini, palepale aliposimama, mbele ya watu walewale, aseme lilikuwa gari. Uongozi ukatafakari, ukamwahidi godoro la inchi sita. Alipokataa, ukapanda hadi inchi nane na blanketi juu. Jibu lake tunalinakili kama alivyolitoa: "Godoro ninalo. Jina ndio sina."

Ndiyo maana tumeomba sherehe ifanyike hapa kantini. Wakwe wa Mbalizi wamo, wamekaa meza ya pili. Wanakwaya wa Rujewa nao wamo. Risala hii ilipitishwa na uongozi, ambao kwa kawaida yake ulisoma ukurasa wa kwanza tu.

Mama Severina, ahsante kwa kila safari uliyotutoa na kuturudisha wazima. Tunakuombea uzee wa afya njema, shamba lisilokosa maji na wajukuu watundu kama wewe. Lakini usiinuke kwanza, mama yetu, kaa hapohapo.

Bwana Meneja, kipaza sauti hiki hapa. Tumenyamaza wote, tunakusikiliza.