Nurudini, Mtu wa Wivu, na Cheti cha Hilali

Mwakeye, wasikilizaji wapendwa. Mlioko Kasulu, mlioko Kibondo, nanyi wa Gwarama mlioining'iniza redio kwenye mti wa kahawa mkiendelea na palizi, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka Nurudini Shamsi, muuza vitenge wa soko la Kasulu, aliyetutoka mwezi huu. Mimi Fidele nilimfahamu. Aliwahi kunipigia simu hapa studio akaniomba nipunguze kucheka hewani, kwa sababu mke wake anasikiliza.

Tusimung'unye maneno, hata familia imesema tuseme. Nurudini alikuwa na wivu. Fundi cherehani akitaka kumpima mkewe Firdausi gauni, futi anaishika Nurudini. Mgeni akisifu chai, anaulizwa alikuwa anamtazama nani. "Kaka yangu alizaliwa hivyo," anasema dada yake, Bi Shadia. "Mdogo wetu alipozaliwa, yeye alihamia kula kwa jirani."

Lakini wivu mkubwa zaidi alikuwa nao kwa marehemu. Hilali, mfanyabiashara wa maharage, mwenyeji wa Gwarama, ndiye aliyekuwa mume wa kwanza wa Firdausi. Hilali aliugua, akafariki. Firdausi akakaa eda, ikaisha, na baadaye akaolewa na Nurudini. Mambo yalikwenda kwa taratibu zake. Sasa siku moja dereva wa lori akasema pale dukani kwamba amemwona Hilali mnadani Buhigwe. Sijui alifananisha, sijui alitania. Tangu siku hiyo Nurudini hakula akashiba. Kama Hilali yu hai, basi yeye ni nani katika nyumba ile? Na Firdausi si atarudi kwa mwenyewe?

Mtu mwingine angemuuliza mkewe. Nurudini hakuweza. Alitaje jina la Hilali, halafu auone uso wa Firdausi ukilainika? Afadhali jino ling'olewe bila ganzi. Akaamua kuiuliza serikali. Kama Hilali amekufa, serikali itakuwa imeandika.

Hilali ni wa Gwarama, na Gwarama siku hizi ni wilaya ya Kakonko. Akaenda Kakonko. Karani akamwambia, "Mzee wangu, mwaka huo wilaya hii ilikuwa bado haijaanzishwa. Kumbukumbu za wakati ule zitafute Kibondo." Akaenda Kibondo. Wakatafuta, hawakumwona. Wakamwambia alete barua ya mtendaji wa kijiji. Akaleta. Wakatafuta tena, Hilali hayumo. Kila akirudi hofu inazidi, maana asiyekuwa kwenye daftari la vifo, yeye alimhesabu kuwa yuko barabarani anakuja.

Nyumbani aliaga kwamba anafuata mzigo. Mzigo gani huo, wasikilizaji wapendwa? Mtu anapiga kanzu pasi, anajipaka mafuta mazuri, anakwenda Kibondo, anarudi mikono mitupu. Firdausi naye ana moyo. "Nilijua ameoa," ameniambia mama huyu. "Nilimchukia huyo mwanamke wa Kibondo wala sijamwona. Nilikuwa namjua mpaka urefu wake."

Siku moja Firdausi akapanda gari la nyuma. Akamkuta mumewe bomani Kibondo, amekaa kwenye benchi, bahasha mapajani. Akampita bila salamu, mpaka dirishani kwa karani.

"Dada, huyu mzee anaandikisha ndoa na nani?"

"Hajaja kwa ndoa, mama. Anatafuta kumbukumbu ya kifo."

"Cha nani?"

"Cha Hilali wa Gwarama."

Firdausi akageuka. Nurudini alikuwa anatazama viatu vyake.

"Baba Dadi, Hilali alifia hospitali Kasulu. Nilimuuguza mwenyewe. Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa utalia."

"Nitalia, ndiyo. Alikuwa mume wangu."

Karani akawaeleza kwamba kifo huandikishwa kule kilikotokea, hata kama marehemu kwao ni kwingine. Narudia, wasikilizaji wapendwa: kilikotokea. Nurudini alizunguka wilaya za watu, na ofisi aliyoitaka iko Kasulu, unaifikia kutoka dukani kwake kabla kahawa haijapoa.

Wakaenda pamoja. Jina likapatikana, nakala ya cheti ikatolewa. Firdausi alilia palepale. Nurudini akampa leso yake, huku amevimba kwa wivu. Msifikiri wivu uliisha. Cheti cha Hilali kiliwekwa kwenye mkoba wa ngozi, na Nurudini akaukataza mkoba huo kulala chumbani kwao. Ukakaa kabatini, sebuleni. Hata alipokuwa mgonjwa sana alimshika mkewe mkono akamwambia, "Nikitangulia, karatasi yangu usiichanganye na ya yule."

Wiki hii Firdausi na mwanawe Dadi wamekwenda ofisi ileile ya Kasulu kuchukua cheti cha Nurudini. Safari hii hakuna aliyepotea njia. Karani alipouliza kama wana bahasha, Firdausi akatoa mkoba mpya wa kitenge, ameushona mwenyewe kwa kitambaa cha duka la marehemu. "Nimempa wa peke yake," ameniambia. "Wa Hilali uko sebuleni. Huu uko chini ya mto wangu."

Tunakupa pole Bi Firdausi, pole Dadi, pole Bi Shadia na wafanyabiashara wote wa soko la Kasulu. Mwenyezi Mungu amrehemu mja wake na ampe kauli thabiti. Nawe unayenisikiliza, kama kuna swali unalizungusha kwenye madirisha ya ofisi, na mwenye jibu mnakula naye sahani moja, leo muulize.

Nurudini, mkeo anasikiliza. Sikucheka.