Goroli za Profesa na Kaburi la Nje ya Ukuta

Benchi la mbele ya banda la kuchambulia mawe ya fedha, pale Freiberg, lilikuwa chuo kamili, na walimu wake wote walikimbia shule kabla ya kufika kwenye kugawanya. Asubuhi hiyo wachimbaji watatu walikuwa wanakunywa kahawa ya shayiri, nyepesi hadi ua lililochorwa kitakoni ndani ya kikombe linakusalimia. Profesa mmoja wa chuo cha madini alikuwa amemaliza kudondosha goroli zake katika shimo lao, pima themanini kwenda chini, akatangaza kuwa haziangukii wima sawa na timazi: zinasogea mashariki, kwa sababu dunia inazunguka. Leberecht, mmoja wa wale watatu, alikosa usingizi kwa furaha. Mdogo wake, Immanuel, alianguka humohumo mwaka jana. Alikutwa mashariki, mbali na ngazi. Msimamizi akaandika kuwa kajirusha, na mchungaji akamzika nje ya ukuta wa kanisa, wanakozikwa waliojiua, bila kengele.

— Leo naenda kwa mchungaji, alisema Leberecht, akipiga brashi koti lake la gwaride. Amhamishie ndani. Dogo aliteleza tu. Dunia ndiyo iliyomsogeza.

— Si ndo hapo! alidakia Domokaya, ambaye jina hilo hakulipata bure. Goroli ni kidude tu. Sembuse mtu mzima na mabuti yake? Haba na haba hujaza kibaba!

— Tena ilikuwa Jumatatu, aliongeza Shemasi, aitwaye hivyo kwa kusinzia kiti cha mbele kanisani. Jumapili dunia imepumzika. Jumatatu inatoka mbio kama farasi wa posta.

— Na Jumamosi?

— Inajikokota, ndugu yangu. Unadhani kwa nini zamu ya Jumamosi haiishi?

— Na mchungaji akibisha? aliuliza Leberecht.

— Mwambie mgema akisifiwa tembo hulitia maji, alisema Domokaya. Hapo hachomoki.

Pembeni alikuwa amekaa seremala mpya wa ngazi, aliyemchongea profesa ubao wa kupokelea goroli.

— Samahani kaka, mie mgeni. Goroli zilisogea upana wa kidole gumba. Toka ngazini hadi alipokutwa marehemu, ni hatua ngapi?

Domokaya aliinamia kikombe chake, akaanza kulikagua lile ua. Shemasi aligeukia banda, kana kwamba kaitwa.

Leberecht ndiye aliyemshika marehemu miguu siku ile, na hatua alizihesabu mwenyewe. Alivaa koti, akafunga vifungo kimoja kimoja hadi shingoni, akaenda kwa mchungaji vilevile.