Mapaa Kumi na Moja ya Fundi Absalom Ambani

Mchungaji, wazee wa kanisa, jamaa mliosafiri kutoka Bunyore, na ninyi majirani wa Kisauni, wa kanisani na wa msikitini, mlioacha shughuli zenu ili kumsindikiza mtu huyu, jamaa wameomba maisha yake yasomwe jinsi alivyoyaishi, bila kuyapaka chokaa, maana yeye mwenyewe aliagiza hivyo, na ole wetu tukimzika kwa maneno matamu mtu aliyeuchukia uongo hata ulipokuwa wake mwenyewe.

Marehemu Absalom Ambani alizaliwa tarehe 3 Novemba 1935 karibu na soko la Luanda, Bunyore, akiwa mtoto wa tano wa mzee Ambani, mchonga mawe ya kusagia, akapewa jina la yule mwana aliyemwasi babaye mfalme, na alipokuwa mtu mzima alipenda kusema kwamba mamaye alivutiwa na mlio wa jina kabla hajasomewa mwisho wa habari zake.

Aliingia shule ya misheni mwaka 1944, akafika darasa la sita mwaka 1950, na hapo babaye akafariki, kalamu ikawekwa chini na patasi ikashikwa, ila kiu ya kujifunza haikumtoka, kwa maana mwaka 1985, akiwa na miaka arobaini na tisa na mvi kichwani, aliketi wiki sita miongoni mwa vijana katika chuo cha ufundi huko Changamwe, akafundishwa kutengeneza vigae vya kuezekea kwa mchanga, saruji kidogo, na nyuzi fupi za katani zilizokuwa zikichomwa moto kama takataka nyuma ya kiwanda kimoja cha kamba, akafurahi kama mtu aliyeona jiwe walilolikataa waashi likitafutiwa mahali ukutani.

Kazi yake hapa pwani ilianza mwezi Februari 1958, aliposhuka kwenye treni na kuajiriwa kuchanganya zege katika ujenzi upande wa Kipevu, akapanda kutoka kibarua hadi mwashi, na kutoka mwashi hadi msimamizi, na nyumba alizozisimamisha kutoka Changamwe hadi Kiembeni hatuwezi kuzitaja zote, kwani nyingine wenyewe hawajui ni nani aliyeziwekea msingi.

Tarehe 22 Desemba 1962 alifunga ndoa takatifu na Agneta Nafula, ambaye amekaa hapa mbele yetu, wakajaliwa watoto sita, wawili wakatangulia mbele za haki wangali wachanga, wakabaki wanne, na kifungua mimba wao, Philister, ndiye aliyeirithi kazi ya babaye, ingawa wengi walimcheka binti anayerudi nyumbani na saruji kwenye kope, naye babaye akiwajibu kwamba saruji haijawahi kumuuliza mtu kama ni mume au mke.

Sasa tumefika mahali ambapo jamaa wengine wangeruka ukurasa.

Mwanzoni mwa mwaka 1987 kanisa hili liliazimia kuwa na paa kabla ya Pasaka, iliyoangukia tarehe 19 Aprili, na Fundi Absalom akajitolea kuliezeka kwa vigae vya katani, pamoja na nyumba kumi za watu waliochoka kubadilisha makuti kila baada ya miaka michache, na daftari lake la chuoni, alilolinakili kwa mkono wake, lilisema kwamba kigae kikishaumbwa lazima kinyweshwe, kikae siku kumi na nne ndani ya maji au chini ya magunia mabichi, kwa sababu saruji haikauki ikawa jiwe kama udongo wa mfinyanzi, bali hukomaa kwa kunywa.

Lakini mwaka ule mabomba ya Kisauni yalikuwa makavu, maji yalikuja kwa mkokoteni, wanawake wakipanga mitungi tangu alfajiri, na wazee wa kanisa wakamuuliza ni dhamiri gani ya Mkristo inayoweza kumwagia mawe maji huku watoto wana kiu, wakamwonyesha jua la Mungu lililo bure, naye akanyamaza, na sisi tukafunga siku tatu kuomba mvua za masika zizuiliwe, tukimkumbuka nabii aliyezifunga mbingu, na mvua zikazuilika, vigae vikakauka juu ya mchanga mweupe kwa siku tano, vyepesi, vizuri, vikilia kama sahani vikigongwa, na Jumapili ya Pasaka tukaimba chini yake tukimshukuru Mungu kwa jua lile lile lililokuwa limeviua.

Kwa miaka miwili hakuna aliyejua, isipokuwa mmoja, naye alikuwa akitembea usiku na mchana na daftari lile moyoni, hadi Ijumaa tarehe 9 Juni 1989, mvua ikinyesha, kigae kilipopasuka na kuporomoka juu ya Bi Mwanarehema, jirani yake mjane, mwenye mojawapo ya zile nyumba kumi, aliyekuwa akichoma mahamri jikoni, kikamvunja mkono wa kulia.

Baraza la wazee liliketi, na ni lazima isemwe mbele ya jeneza hili kwamba liliketi kutafuta namna ya kunyamaza, likapendekeza nyufa zizibwe kwa lami na jambo lisemwe kuwa ajali, ili jina la kanisa lisichafuke, na fundi akaenda kwanza kumjulia hali Bi Mwanarehema, akiwa na maneno ya pole aliyoyapanga vizuri, lakini mama yule, mkono ukiwa kwenye kitambaa, hakumngojea ayamalize.

"Absalom, pole zako nimezipokea," alimwambia. "Lakini wewe ndiye uliyelipandisha paa hili. Usinikimbie ukaniacha chini yake."

Jumapili tarehe 18 Juni alisimama mahali hapa niliposimama mimi, bila kuitwa, akasema maneno ambayo waliokuwepo hawajayasahau: "Msimwambie mtu kwamba ni ajali, wala msimlaumu Mungu. Yeye alitupa jua tuliloliomba. Mimi ndiye niliyejua kwamba yalihitajika maji, nami nikawaogopa ninyi kuliko nilivyoliogopa paa."

Wako walioondoka kabla ya baraka, wako waliomwita msaliti, kijiwe cha mafundi pale Bombolulu kikampachika jina la Fundi Biskuti, na kazi zikamwondokea mwaka mzima, lakini aliahidi siku ile kuyashusha mapaa yote kumi na moja kwa mikono yake na kuyarudisha yakiwa mazima, akianza na nyumba ya mjane na kuliacha kanisa karibu na mwisho, na wazee walipolalamika aliwajibu kwamba Bwana aliyelala horini anaweza kungoja zamu yake chini ya turubai.

Shida ya maji ilikuwa pale pale, hata alipotokea Mzee Sheikhan, fundi mkongwe wa chokaa hapa Kisauni, mtu wa swala tano, ambaye alikuwa amemtazama kwa miaka miwili pasipo kuulizwa neno, kwa kuwa fundi wa bara hakudhani fundi wa majengo ya kale ana la kumfunza kuhusu saruji, akampeleka kwenye kisima kilichoachwa kwa kuwa maji yake ni ya chumvi.

"Haya hayanyweki," mzee alisema, "lakini jiwe halina ulimi. Ndani ya kigae chako hamna chuma cha kuota kutu. Kinyweshe haya, mwanangu, wala mtoto wa mtu hatalala na kiu."

Basi wakachimba shimo kando ya kisima, wakalisakafia, wakafunika vigae kwa magunia yaliyotupwa na maghala ya bandarini, na Philister akawa mhesabu wa siku, asiruhusu kigae kutoka majini kabla ya siku ya kumi na nne hata kama mwenye nyumba anasimama kando akigomba, na vigae vibovu vilivyoshushwa havikutupwa, vilisagwa vikawa kokoto za sakafu, na kufikia Desemba 1993 mapaa kumi yalikuwa yamerudishwa, likiwemo hili.

Lililobaki lilikuwa la Garama Fondo wa Likoni, ambaye alikataa katakata, akidai kwamba lake halivuji, na kwamba katika ukoo wao yeye ndiye wa kwanza kulala chini ya kitu kisicho makuti.

"Fundi, ulinivika kofia mbele za watu," alimwambia, "sasa waja kunivua mbele za watu hao hao?"

Hakumshurutisha, kwa maana nyumba ni ya mwenyewe, lakini kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alivuka feri na boriti begani, akaongeza nguzo chini ya paa lile, akapima nyufa kwa uzi, akanywa chai na kurudi, na Garama akawa akimtania kwa kumwita mkaguzi wa serikali isiyolipa mshahara, huku nguzo zikizidi kuwa nyingi hata wageni wakalazimika kuketi ubavu.

Mwaka 1994 kifua chake kilianza kumsumbua, madaktari wakasema ni vumbi la miaka mingi, akalazwa mara tatu, na kuanzia Juni mwaka huu hakuweza tena kuvuka feri, na tarehe 13 Oktoba Garama Fondo alikuja wodini kumwona, akaketi kitandani, na marehemu, ambaye kwa siku nne hakuwa amesema na mtu, akamshika mkono.

"Garama," alisema, "mvua za vuli zimekaribia."

Garama akamjibu, "Nimekusikia, fundi. Waje walishushe."

Alilala katika Bwana siku ya Jumatano tarehe 16 Oktoba 1996, saa kumi na moja alfajiri, akibakiza siku kumi na nane atimize miaka sitini na mmoja, naye atazikwa Bunyore Jumamosi hii tarehe 26.

Jamaa wanawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira, mafundi wenzake, hata wa kijiwe cha Bombolulu, waliochonga jeneza hili wenyewe, Mzee Sheikhan aliyesimama pamoja nasi kila jioni ya matanga, Bi Mwanarehema aliyepika kwa mkono ule uliounga kwa kupinda, na Garama Fondo, aliyeketi pale nyuma, ambaye nyumbani kwake, mara tukirudi kutoka maziko, siku ya Jumatatu tarehe 4 Novemba, saa moja asubuhi, Philister ataegemeza ngazi, na yeyote anayetaka kumlilia babaye aje na nyundo.

Kazi yako tumeipokea, Absalom Ambani, mtumishi uliyeogopa kisha ukatubu, pumzika kwa amani.