Herufi Moja na Mstari Ulio Wazi

Mgeni rasmi, mtafiti wa ubongo na jeni za saratani. Madaktari na wauguzi. Ndugu zetu wa familia sitini:

MAKARIBISHO

Sisi tuliouguza, na wengi wetu tuliozika, wagonjwa wa saratani ya ubongo, tunakukaribisha utufungulie chumba hiki cha ushauri. Risala imeandikwa na katibu wetu, mwalimu mstaafu wa imla, ambaye pia ni babu yako mzaa mama. Ameagizwa asikuite mjukuu mpaka amalize kusoma. Amekubali shingo upande.

HISTORIA

Ulianza kwa kuchunguza jinsi ubongo unavyotunza kumbukumbu. Saratani ya ubongo ilipomsahaulisha bibi yako majina ya wanawe, kisha njia ya jikoni kwake, hata ikamuua, ukageukia ugonjwa huo. Miaka sita baadaye mama yako alimfuata kwa ugonjwa uleule. Ukataka kujua kwa nini nyumba moja ipigwe mara mbili.

Miaka kumi na tano iliyopita ulituita kwa tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa wodi. Mpiga chapa alikosea. Badala ya "uchunguzi wa jeni katika ubongo", akaandika "uchunguzi wa jini". Nusu yetu tulikimbia. Nusu nyingine tulikuja na matumaini yaliyopita kiasi. Katibu alilisahihisha kwa kalamu nyekundu huku akinung'unika, "Herufi moja tu, watu wametawanyika!"

Ulicheka, ukamjibu, "Babu, hiyo ndiyo kazi yangu. Mwilini nako, herufi moja ikikosewa, ukoo mzima unapata tabu."

Tangu siku hiyo hakuna aliyehitaji kufafanuliwa jeni ni nini.

MAFANIKIO

Wewe na wenzako mlilipata kosa hilo katika familia tisa. Waliolirithi hupigwa picha za ubongo kila mwaka. Wanne walikutwa na uvimbe ungali mdogo kama punje ya dengu. Mmoja tulimzika, hatumsahau. Watatu wamo ukumbini. Mmojawao ni fundi cherehani aliyeshona kitambaa cha meza iliyo mbele yako, na ameomba isemwe kwamba mshono umenyooka.

CHANGAMOTO

Kujua kunaogopesha. Kile kiti cha kutolea damu ni kifupi, lakini wengi wetu tulikiona kama mlima. Ulitwambia, "Hofu haipunguzi ugonjwa, inapunguza muda." Tukaketi. Katibu naye aliketi, ingawa ugonjwa ulitoka upande wa marehemu mkewe.

"Babu, damu yako haihusiki," muuguzi alimwambia.

Akakunja mkono wa shati. "Dunga, mwanangu. Siwezi kumwambia mtu aketi mahali nilipokataa kuketi mimi."

Mgeni rasmi, daftari la vipimo vya familia tunalitunza sisi. Familia ya kumi na saba, mojawapo ya zile tisa, ina mstari mmoja ulio wazi. Ni wako. Tulikuuliza faraghani, si mara moja. Jibu lilikuwa, "Wiki ijayo, Babu, kazi zimebana." Wiki hiyo ina miaka kumi na mmoja sasa.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Hawakusema asigangwe na wengine.

OMBI

Tulikuwa na maombi matano, la kwanza likiwa mashine mpya ya picha. Katika kikao cha Jumamosi tuliyafuta manne, yanaweza kungoja. Lililobaki ni hili: uketi.

Hatukuombi ututangazie majibu. Majibu ni yako. Muuguzi yuleyule yuko chumba cha pili, na katibu atakushikia koti. Utepe utaukata ukitoka.

Kosa likionekana, hapa utakuta watu wanaojua kuishi nalo. Katibu alikuwa ameongeza sentensi moja mahali hapa, kisha akaifuta kwa kalamu nyekundu.

Mwenyezi Mungu akupe moyo wa kuketi, na uzima wa kuinuka.

Ni sisi wako,
Umoja wa Familia za Utafiti wa Saratani ya Ubongo.

Risala imekwisha. Twende, mjukuu wangu.