Tadaomi Kusakabe na Bwawa la Juu, 1941–2024

Ndugu waombolezaji, na nyote mliovuka daraja kuja hapa kisiwani Awaji, familia inawasomea maisha ya mzee wetu Tadaomi Kusakabe kama alivyoagiza mwenyewe, bila kuuficha wivu wake.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1941, mtoto wa pili wa kiume, akamaliza shule ya msingi mwaka 1953 na ya kati mwaka 1956, kisha akarudi kulima vitunguu na mpunga, kwa kuwa shule ya kilimo baba yao alimpeleka kaka yake Yoshinari peke yake. Baba alipofariki mwaka 1962, kaka alirithi bwawa kubwa la chini la kumwagilia mashamba, yeye akapewa la juu, dogo, lenye tuta la udongo la mita sita, nalo lilimkaa rohoni. Tarehe 20 Novemba 1966 alimwoa Bi. Fusae, wakajaliwa Chizuru mwaka 1968 na Katsuhiro mwaka 1971.

Juni 2019 ofisi ya mji ilipanga mabwawa ya watu binafsi kwa madaraja ya usalama, la kaka likawa daraja la kwanza, wakaja wapimaji, wakasimamisha kibao cha kulitangaza, la marehemu likawa la mwisho, hata kutazamwa halikutazamwa, naye akawa anazunguka njia ya mbali asikione kile kibao. Katsuhiro aliporudi kutoka Osaka na mkewe na mapacha wao, marehemu alikuwa na kiwanja kizuri kando ya barabara, lakini akawapa wajenge kilicho chini ya tuta lake, kwa kuwa alisikia nyumba iliyo chini ya bwawa hupandisha daraja lake. Aprili 2021 likapanda kweli, akamwambia mpimaji, Bi. Mizoguchi, kwamba sasa yuko sawa na kaka yake, naye akamjibu, "Mzee, hii si tuzo. Tunahesabu watakaokufa tuta likikatika. Kwako walikuwa sifuri, sasa ni wanne."

Siku ile hakugusa chakula. Agosti, kimbunga kilipotangazwa, alikwenda asubuhi kwa kaka yake, mlango ambao hakuugonga kwa miaka miwili, akasema, "Kaka, nisaidie, nimewalaza wajukuu chini ya maji kwa sababu ya wivu wangu." Wazee hao wawili waling'oa vizibo vya bwawa la juu, likakauka kabla ya mvua, wakaacha matundu yake wazi, na mpunga wake ulipoanza kunyauka kaka alimgawia maji, naye alikiri kwamba hata akiyapokea moyo ulimuuma, kwa kuwa kaka alikuwa nayo ya kugawa.

Februari 2023 alipatikana na saratani ya mapafu, Oktoba mwaka huu tuta likabomolewa kwa ombi lake, bwawa likafutwa kwenye orodha, na tarehe 11 Novemba 2024 akafariki, akiwa na miaka 83.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wakulima wenzake, Bi. Mizoguchi kwa kumwambia ukweli, na Mzee Yoshinari, aliyemsukuma kwenye kiti cha magurudumu akaone tuta likibomolewa.

Baba, wajukuu wako wote wawili wako hapa mbele yako, wazima. Pumzika sasa kwa amani.