Mwenye Kofia ya Chuma

Mtaa wa Batha, huku kwa Waarabu, unapofurika watu siku ya Ijumaa, Wakenya fulani hukutana kwenye benchi nje ya duka la Myemeni muuza kahawa. Wenyewe hupaita Bungeni, kwa kuwa hakuna hoja iliyowahi kumalizwa pale. Ijumaa hiyo Elphas, dereva kutoka Taita, alifika na uso wa mfiwa. Mdomo ulikuwa umemponza. Bosi wake hukusanya vitu vya kale, na juzi alimwonyesha kofia ya chuma ya askari Mjerumani wa vita vya kwanza vya dunia, yenye jina moja tu kwenye ngozi ya ndani: Kessler. Elphas, kwa kupenda sifa, akasema Wajerumani anawajua, walipigana kwao. Bosi akafurahi kupita kiasi. “Nitafutie huyu alikuwa nani, kisha uende kwenye mahari ya binti yako.” Na mahari ya Lorine ni mwezi ujao.

— Si ungesema hujui, halas, yaishe, saa hii ungekuwa unapaki! Huyo alikuwa Morgan, anayeitwa Wakili kwa sababu hulinda mlango wa ofisi ya mawakili kule mtaa wa Olaya.

— Nilidhani ni stori tu.

— Haya, leta ushahidi.

Simu yenye picha ya kofia ikazunguka benchi zima.

— Huyu alikuwa fundi wa reli, akasema Duncan. Wao humwita Kandara, maana aliishi mtaa huo wa Jeddah, na kwake kila kitu duniani kilianzia huko. — Vita kuisha, akashuka Jeddah, akafungua bekari. Mikate ya Kandara mnadhani ilitoka wapi?

— Bekari zile ni za Wayemeni.

— Aliwauzia. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo methali haiingii hapo.

— Imeshaingia.

— Napinga, akasema Wakili. Huyu alisilimu, akaoa hapa, akavaa kilemba. Ndiyo maana kofia ilibaki. Elphas, macho ya bosi wako ni rangi gani?

— Kahawia.

— Kahawia kabisa?

— Inaelekea asali.

— Si hayo! Bosi anatafuta babu yake na anaona haya kusema. Ameshaijaribu hiyo kofia?

— Ilimbana.

— Vichwa vinakua kizazi hadi kizazi. Haba na haba hujaza kibaba.

Elphas hakucheka. Kesho angesimama mbele ya bosi, na kati ya bekari na babu hakujua lipi lingemfikisha Taita.

— Kwanza alianzia Taita, Kandara akaongeza. Akaja huku kwa miguu.

— Taita mpaka Jeddah?

— Vita haina nauli, bro.

— Babu wa baba yangu alikuwa kwenye vita hivyo, akasema Elphas. Waingereza walimchukua awe mpagazi. Alibeba mizigo yao, hakurudi.

— Basi walionana! Wakili akapiga paja. Shahidi amepatikana!

Pembeni alikaa Reuben, askari wa lango, mgeni wa majuzi tu kutoka Nairobi. Akainua mkono.

— Samahani, Mzee Elphas. Aliitwa nani?

— Kessler! wakajibu wote kwa pamoja.

— Si huyo. Yule mpagazi.

Elphas akafumbua kinywa.

— Alikuwa... mpagazi.

— Hiyo ni kazi, mzee. Jina? Siku ya mahari wazee si watataka kusikia ukoo wa bibi harusi, babu kwa babu?

Wakili akamtazama Kandara. Kandara akainua birika.

— Kahawa imeisha, akasema, na hakuna aliyekuwa ameomba.

Elphas aliona aibu, akaumia. Kwenye simu yake jina la Kessler lilisomeka vizuri kabisa. Akaifunga picha, akampigia Shangazi Priscilla kule Taita, sauti ikiwa juu ili wote wasikie.

— Shangazi, shikamoo. Babu yenu yule aliyechukuliwa vitani, aliitwa nani?

Kuku wakasikika upande wa pili.

— Kwani, akauliza shangazi, amepatikana?