Nusu ya Maneno ya Daktari

Sifa zote ni za Bwana, ndugu zangu! Ninyi wa Kebirigo mnanijua, na ninyi wa Gesima mnanijua kwa kelele zangu za sokoni. Leo nasema Kiswahili kwa sababu tuna wageni waliotoka kule ziwani, na pia kwa sababu dhambi yangu niliitenda nikitoka kuongea Kiswahili. Mnivumilie.

Kabla sijaokoka nilivuta tumbaku miaka mingi, tena si kama wanaume wanavyovuta. Sisi wanawake tuliingiza ncha ya msokoto yenye moto ndani ya mdomo, tukafumba midomo, moshi ukatoka puani. Wageni, msicheke! Ukipalilia wimbi na mvua inanyesha, moto ulio mdomoni hauzimiki, na mikono yote miwili inabaki kwenye jembe. Baba mkwe akipita njiani, haoni kitu.

Mume wetu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chai kule Kericho. Nasema wetu kwa sababu alioa mke wa pili, Moraa, msichana mpole kuliko mimi mara kumi. Mwaka wa kwanza nilimnunia, hata salamu sikumpa. Siku moja ya palizi nikamwona anatetemeka kwa baridi na njaa. Moyo ukalainika. Nikamsokotea tumbaku, nikamwonyesha namna ya kuushika msokoto kwa meno ili ulimi usiungue. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, tukacheka wote wawili, na tangu siku ile tukawa kama watoto wa mama mmoja. Hiyo ndiyo zawadi niliyompa, ndugu zangu!

Tulivuta badala ya kula. Ndizi mbivu na managu, zile mboga zetu chungu, tulizibeba kwenda kuuza sokoni Kebirigo, nyumbani tukabaki na ugali na chumvi. Mchana njaa ikiuma, tunawasha msokoto, njaa inanyamaza. Tukajiona wajanja.

Wakati wa vita vya pili vya Wazungu Moraa akatokwa na kidonda kwenye kaakaa. Mwanzoni hakikumuuma. Mama mkwe akasema amelogwa na jirani, mganga akaitwa, akamchanja, kidonda kikazidi kukua. Mwishowe nikamchukua, tukatembea siku nzima mpaka hospitali. Moraa hakujua Kiswahili hata neno moja. Mimi nilikijua tangu utoto, maana baba yangu naye alifanya kazi Kericho, na sisi watoto tulikulia kwenye kambi ya vibarua. Basi nikawa mkalimani wake.

Daktari alimmulika mdomoni kwa tochi, akaniuliza, "Huyu anavuta moto ukiwa ndani?"

"Ndiyo, daktari."

"Nani alimfundisha?"

Nikasema sijui.

Akaniambia kwamba tumbaku na ule moto vinaharibu nyama ya mdomo, na nyama iliyoharibika hivyo inaweza kugeuka kansa. Akasema kidonda cha Moraa kinaelekea huko, kwa hiyo aache tumbaku leo leo, asiiguse tena, na arudi baada ya mwezi mmoja. Tena ale mboga na matunda kila siku, kwa sababu mwili unaokosa vitu hivyo unakosa nguvu ya kujikinga. Halafu akasema, "Mama, mweleze yote."

Moraa alikuwa anautazama mdomo wangu, anangoja. Nikaogopa! Nikimwambia ni tumbaku, si atajua ni mimi niliyemuua? Nikamwambia kwa Kigusii, "Amesema ule managu na ndizi mbivu kila siku, urudi mwezi ujao."

Moraa alitii. Alikula managu asubuhi na jioni, uchungu wake ukakichoma kidonda, machozi yakimtiririka, akameza. Akimaliza kula anawasha msokoto ili maumivu yatulie. Nilimwona kwa macho yangu! Nilikaa kando yake nikivuta wangu. Mboga ni njema, ndugu zangu, wala daktari hakukosea, lakini nilimpa nusu ya dawa nikamwachia sumu yote. Mwezi ulipofika hatukurudi hospitali. Kazi ya shamba ilikuwa nyingi, nami sikumkumbusha.

Tulirudi wakati shavu lilikuwa limevimba na shingoni pana uvimbe mgumu. Daktari hakunikemea. Alinawa mikono, akasema nimrudishe nyumbani.

Siku zake za mwisho Moraa hakuweza kusema. Maji tulimdondoshea mdomoni. Nikapiga magoti kando ya kitanda chake, mchana kweupe, nikamwambia yote: kwamba daktari alitaja tumbaku, na kwamba nilimficha kwa kuogopa. Nilingoja anitemee mate. Alinitazama sana. Kisha akanyoosha mkono, akanishika kidevu, akanifungua mdomo, akaingiza kidole na kulipapasa kaakaa langu. Kidole kikasimama mahali fulani. Hapo palikuwa na ngozi nyeupe, ngumu, ambayo nilikuwa naijua na kuinyamazia. Akalivuta fundo la leso kiunoni mwangu, nilimofunga tumbaku yangu, akalifungua kwa vidole vyake vilivyokonda, tumbaku ikamwagika chini. Siku ya tatu akafa.

Bwana aliniokoa kwa mkono ule, ndugu zangu! Mkono wa mtu niliyemdhulumu! Tumbaku sijaigusa tena. Mwezi wa kwanza nilitetemeka, niligombana na kila mtu, nikaomba mpaka sauti ikakauka. Ndizi zangu nikaanza kuzila mwenyewe. Polepole ile ngozi nyeupe ikalainika. Daktari alipoitazama akaniambia nimshukuru Mungu, kwa sababu si kila mtu anawahi. Namshukuru kila siku, na kila siku nikishukuru naona aibu.

Moraa aliacha mtoto mmoja, Kwamboka. Nimemlea. Yuko pale, benchi la tatu, na ananiita mama. Juzi nilipokuwa nafua nguo zake nilikuta msokoto kwenye kitambaa chake. Ncha iliyoungua ndiyo ncha iliyolowa mate. Ndugu zangu, hicho ndicho kilichonisimamisha hapa.

Wenzangu mnaovuta kwa siri, mtegemeeni Bwana, yeye hachoki na watu wanaochelewa. Njooni mbele, mwimwage tumbaku yenu hapa sakafuni, nitafagia mwenyewe.

Nawe Kwamboka, usitoke nje. Daktari alisema mambo mawili. Mboga umekula tangu utoto, nimehakikisha. Hili la pili nimelisema mbele ya watu ili nisiweze kulirudisha tumboni. Sasa nakuja kukaa kando yako nikuambie kwa Kigusii, neno kwa neno, kama nilivyotakiwa kumwambia mama yako. Nikimaliza, uniite mama au usiniite tena, nitakubali. Lakini fungua mdomo, mwanangu, nione.